Nyundo ikishagonga, gari ni lako na magonjwa yake

Wiki hii tunayaacha kidogo mambo ya mapenzi na mavazi. Kuna ugonjwa mwingine umeingia kwa vijana na hauna chanjo: ugonjwa wa kutaka gari la kifahari kwa bei ya mnada.

Najua wajanja wa Dar wameshaanza kucheka. "Huyu yuko Busale, Kyela huko kwenye mpunga na kokoa, atatuambia nini kuhusu Crown na Benzi?" Taratibu bwana mkubwa. Ukitoka Busale ukaenda mpaka barabara kuu ya Kasumulu, mpakani na Malawi, ukakaa nusu saa na muwa wako mkononi, utaona magari ya kila aina yakitokea bandari ya Dar. Yanapita na vibao vya IT, yaani yako safarini kwenda kwa wenyewe ng'ambo ya mto Songwe. Crown, Mark X, Benzi, BMW, mengine viti bado vina nailoni. Sisi huku hatuna jumba la sinema. Sinema yetu ndiyo hiyo, tena ya bure.

Na sinema hiyo inawatia watu wazimu. Kijana anauza kokoa, anajibana, hali wali wala samaki, anasikia mjini kuna mnada, sedani ya mkurugenzi inakwenda kwa bei ya kutupa. Anapanda basi na fedha zote kiunoni. Jioni anarudi na gari linalovutwa kwa kamba. Kasheshe!

Wazee wanatuambia zamani mambo hayakuwa hivi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Benzi lilikuwa gari la mkubwa, na huku kwetu Afrika Mashariki wakubwa hao wakabatizwa jina la Wabenzi. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni. Mwaka 1985 akaingia Mzee Ruksa, Ali Hassan Mwinyi, milango ikazidi kufunguka na magari ya mtumba ya Kijapani yakamwagika. Leo sedani aliyokuwa akipandia mkurugenzi inaweza kuangukia mikononi mwa muuza chipsi. Hilo ni jambo jema kabisa. Lakini jiulize kitu kimoja kabla hujanyoosha mkono: kwa nini limefika mnadani?

Gari halifiki mnadani kwa sababu limechoka kupendwa. Mwenyewe kashindwa mkopo, benki imelikamata. Au ofisi imeona gharama za kulitengeneza zinazidi faida yake. Au ushuru haukulipwa, limekaa bandarini mpaka TRA ikaamua kuliuza. Hata wakubwa wenyewe magari haya huwachosha. Mwaka 2012, majirani zetu hapo Malawi walimsikia Rais wao mpya, Joyce Banda, akitangaza kuuza ndege ya rais pamoja na Benzi za serikali, ili kubana matumizi. Sasa kama Ikulu inaona mzigo mzito, wewe na kibanda chako cha simu utaubeba kwa kichwa kipi?

Sisemi usinunue. Nasema ununue kwa akili, na akili yenyewe ni kanuni moja tu. Ikate uibandike ukutani: KILA USICHORUHUSIWA KUKAGUA, KIPIGIE HESABU KUWA KIBOVU.

Huku kwetu kanuni hiyo hata mtoto anaijua, ila kwenye kokoa. Kokoa ya Kyela nayo inauzwa kwa mnada kupitia vyama vya ushirika. Je, mnunuzi anatoa bei kwa kuangalia gunia lilivyoshonwa vizuri? Thubutu! Unyevu unapimwa, punje zinakatwa katikati kuona ndani kama zimechachuka sawasawa au zina ukungu. Punje ya kokoa inapasuliwa, halafu gari la mamilioni mtu anatazama rangi na redio. Jamani!

Karatasi kabla ya chuma

Kitu cha kwanza kukagua hakina tairi. Ni karatasi. Minada mingi ya hapa nyumbani, iwe ya serikali, ya benki au ya dalali wa mahakama, ina tangazo lenye masharti. Soma mpaka nukta ya mwisho. Mara nyingi utakuta maneno haya: gari linauzwa mahali lilipo na jinsi lilivyo. Maana yake kwa Kiswahili cha kijiweni ni kwamba nyundo ikishagonga, hakuna kurudisha. Likigoma kuwaka, ni lako. Likiwaka na kugoma kuondoka, ni lako vilevile.

Utakuta pia kwamba mshindi analipa sehemu ya bei papo hapo, mara nyingi asilimia 25, na salio ndani ya siku chache zilizotajwa, mara nyingi 14. Ukishindwa kumaliza, ile ya kwanza imekwenda na maji. Piga hesabu mwenyewe: ukishinda kwa shilingi milioni 8, milioni 2 zinatoka mfukoni hapo hapo. Kama milioni 6 zilizobaki bado ziko shambani zinangoja kuvunwa, kaa kimya, tazama wenzako.

Halafu kadi ya gari. Omba kuiona, halisi siyo kivuli. Namba ya chesesi iliyoandikwa kwenye kadi ilingane na iliyogongwa kwenye bodi, na namba ya injini vilevile. Usikubali kuambiwa "ni ileile". Inama, futa vumbi, soma herufi moja moja. Ukiona pamechomelewa upya au herufi zinacheza rumba, moja imepanda na nyingine imeshuka, ondoka zako. Magari ya Toyota yaliyouzwa kwa ajili ya Japani yenyewe huanza na herufi za umbo lake, kwa mfano GRS180 kwa Crown ya 2003 hadi 2008. Kama kadi inasema hivyo na bodi inasema vingine, hapo kuna hadithi ndefu ambayo wewe hutaki kuwa mhusika wake mkuu.

Nenda TRA ukaulize gari limesajiliwa kwa jina la nani na kama ushuru wake umelipwa. Hili ni muhimu zaidi kwetu tunaokaa njia ya mpakani, maana kuna yale ya IT ambayo safari yake ya Malawi huishia kwenye ua wa mtu. Gari la namna hiyo ni bomu. Angalia pia faini za trafiki, kwa sababu faini inaifuata namba ya gari, haimfuati dereva. Mwisho uliza: nikishinda nitapewa nini? Hati ya mauzo, kadi halisi, risiti, barua ya kubadilisha umiliki. Wakianza kigugumizi kwenye kadi, rudi kwenye kanuni yetu.

Bodi linasema ukilisikiliza

Siku ya kukagua haiwi siku ya mnada. Kuna siku inatangazwa kabla, na hiyo ndiyo siku ya wanaume kwa wanawake wenye akili. Nenda asubuhi jua likiwa limelala, maana jua la mchana na gari lililomwagiwa maji vinaficha dhambi nyingi. Chutama mbele, tazama ubavu wote kwa mkato mmoja. Mwanga ukijikunja kama maji ya ziwani, hapo pamepigwa pasta. Chukua sumaku ndogo uitembeze: ikinata huku na kuanguka kule, kule chini ya rangi hakuna bati, kuna unga.

Fungua boneti na buti. Tazama vichwa vya bolti vinavyoshika bawa za mbele na milango. Rangi ikiwa imebanduka kwenye pembe za bolti, spana imepita hapo. Fungua kila mlango usikilize unavyofunga. Milango mitatu inafunga "tupu", wa nne unafunga "kang'ara", huyo wa nne uulizwe alikuwa wapi.

Sasa maji. Sisi watu wa Kyela mvua tunaijua, ni wilaya inayopata mvua nyingi kuliko sehemu nyingi za nchi hii, na mito ikijaa haiombi hodi. Gari lililozama linaoshwa likapendeza kuliko biharusi, lakini lina alama zake. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho: sehemu ya ndani kabisa ikiwa na mstari wa tope, umeshapata jibu. Inua zulia, papasa chini. Tazama reli za viti kama zimeshika kutu. Toa tairi la akiba uangalie kitako chake. Nusa. Gari lililojaa manukato makali kuliko ukumbi wa harusi lina kitu linaficha. Na sedani ya kifahari ikishazama ni balaa, maana ina vikompyuta kila kona, vingine viko chini ya zulia hilohilo.

Matairi nayo yanasema umri. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 1219, hilo lilitengenezwa wiki ya 12 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini mzee ni sawa na babu aliyepaka piko.

Injini usiikute imepashwa

Kama wanaruhusu kuwasha, gusa injini kwanza. Ikiwa ya moto kabla yako, mtu kaipasha makusudi, kwa sababu magonjwa mengi huonekana ikiwa ya baridi. Fungua kifuniko cha oili: ukiona kitu kama maziwa ya mgando, maji na oili vimeoana, gasketi ya silinda hedi imekufa au zaidi ya hapo. Fungua redieta ikiwa baridi tu, tafadhali, uso unao mmoja. Maji yenye utando wa mafuta ni habari ileile.

Waambie wawashe, wewe simama nyuma. Moshi wa bluu, injini inakunywa oili. Moshi mweusi, inakunywa mafuta kuliko mlevi wa mwisho wa mwezi. Moshi mweupe mwingi usiokwisha hata ikishapata moto, maji yanaungua ndani. Chomoa kijiti cha oili ya gia boksi kama kipo, nusa. Inatakiwa iwe nyekundu au nyekundu iliyopauka. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, gia boksi inaaga dunia, na kwenye sedani hizi gia boksi ndiyo nusu ya bei.

Tazama taa za dashibodi. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha, taa ya injini na ile ya mifuko ya hewa, ile inayofumuka gari likigonga, lazima ziwake, kisha zizimike injini ikishawaka. Isipozimika, kuna ubovu. Isipowaka kabisa, ubovu ni mkubwa zaidi, maana kuna mtu kaiua taa ili isiseme. Beba fundi mwenye mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Ni kidude cha kushika mkononi, na kinajua siri nyingi kuliko dereva wa zamani.

Kilometa usiziamini kwa macho. Gari linalosema limetembea kilometa 60,000 huku usukani umeng'aa kama kijiko na pedali ya breki imekwisha upande mmoja, linadanganya. Magari ya Japani mara nyingi huwa na vikaratasi vya kubadilisha oili au mkanda wa taimingi, vimebandikwa kwenye fremu ya mlango au ndani ya boneti, vimeandikwa tarehe na kilometa. Kikaratasi kikisema 140,000 na dashibodi ikasema 60,000, mwamini kikaratasi.

Kila ukoo na ugonjwa wake

Kama familia za watu, magari nayo yana magonjwa ya ukoo. Mark II ya GX100 na ndugu zake wenye injini ya 1G-FE wanatumia mkanda wa taimingi, basi uliza ulibadilishwa lini, usipopata jibu hesabu kuwa haujabadilishwa. Crown Athlete na Mark X za injini ya 4GR zina mnyororo, afadhali, ila injini hiyo inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda na huwa inajaza masizi. Inataka oili safi kwa wakati. Ikitetemeka ikiwa imesimama, usiambiwe "ni plagi tu".

Benzi za umbo la W124 ni madume, wazee wanaziapia, lakini zile za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuja na nyaya za injini ambazo ganda lake hukauka na kupukutika kama biskuti. E-Class ya W211 ya miaka ya mwanzo, kuanzia 2002, ina mfumo wa breki wa umeme ambao pampu yake imewekewa idadi ya kukanyagwa. Ikifika, dashibodi inageuka nyekundu na wewe unageuka mweupe. BMW nyingi zina vifaa vya plastiki kwenye mfumo wa kupoza maji, vikizeeka vinapasuka. Na S-Class ya W220, ile ya 1998 hadi 2005, hiyo ina shokapu za upepo. Hapo ndipo niwape kisa.

Mshikaji wangu mmoja wa hapa Busale, jina kapuni, alisikia S-Class iko mnadani mjini Mbeya. Mpango wake ulikuwa umekamilika kichwani: anaichukua, anaikodisha kwa maharusi Kyela, Tukuyu mpaka Mbeya. Alikuwa na fedha za kokoa za misimu mitatu, zikapungua, mama yake akamwongezea fedha za mpunga alizokuwa ameziweka za kuezekea nyumba. Kabla hatujaondoka nikapita kumsalimia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nenda naye. Mimi magari siyajui, ila mpunga wangu naujua."

Maneno hayo yaliniingia kuliko tangazo lote la mnada. Tukafika yadi siku ya kukagua, tukiwa na mzee mmoja fundi wa Mwanjelwa tuliyemlipa nauli na hela ya chai. Benzi lilikuwa jeusi, linang'aa, mshikaji akaanza kulizunguka kama kuku wa kienyeji na mahindi. Mlinzi akasema funguo haipo, betri imekufa, kuwasha hakuna. Mzee hakusema kitu. Akainama, akajaribu kupenyeza vidole kati ya tairi la nyuma na bawa. Havikupita.

"Limelala," akasema. "Hizi siyo springi za chuma, ni za upepo. Pampu imekufa, au mifuko imetoboka, au vyote viwili."

Mshikaji akajitetea kuwa betri ikichajiwa litainuka. Mzee akamuuliza, "Umeliona likiinuka?" Kimya.

Tukakaa chini ya mwembe, tukaandika. Tulianza na bei ya gari la namna ile likiwa zima, linatembea. Tukatoa injini, kwa sababu hatukuisikia. Tukatoa gia boksi, kwa sababu hatukuigusa. Tukatoa shokapu nne na pampu. Tukatoa funguo mpya, maana funguo ya Benzi haichongwi kwa fundi wa makufuli. Tukatoa gharama ya lori la kulibeba. Bei iliyobaki ilikuwa ndogo mpaka mshikaji akakasirika.

"Mzee, hiyo siyo bei ya Benzi!"

"Na hili siyo Benzi mwanangu. Ni bodi la Benzi."

Siku ya mnada tulikwenda na kikaratasi chetu. Dalali alipoanza, bei yetu ilipitwa kabla sijamaliza kufungua soda. Mshikaji mkono ulimtetemeka, nikaushika kama askari. Kuna bwana mmoja alilichukua kwa zaidi ya mara mbili ya hesabu yetu, watu wakampigia makofi. Jioni tuliliona likiondoka mgongoni mwa lori. Hela ya mama ilirudi Busale imefungwa kwenye khanga ileile, na bati zikapanda juu kabla ya masika. Mshikaji alininunia wiki nzima. Poa tu, nimezoea.

Ukiwa ungali unataka, jaribu mlima

Wapo wanaoruhusiwa kuendesha, hasa wanaponunua kwa aliyeshinda mnada akaamua kuliuza tena. Basi ukipata nafasi hiyo usizunguke mtaa mmoja wa lami ukarudi unachekacheka. Tafuta mlima. Sisi tunao bora: Ziwa Nyasa liko mita kama 475 kutoka usawa wa bahari, Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500. Gari likipanda hapo bila mshale wa joto kusogea na bila gia boksi kuhema, lina mapafu. Wakati wa kushuka, sikiliza breki na usukani. Zima redio. Washa kiyoyozi ukiwa unapanda, hapo ndipo injini dhaifu inaungama.

Kumbuka pia sedani hizi ziko chini. Barabara ya vumbi wakati wa masika itakupiga sampo ya oili kwenye jiwe, na hadithi imekwisha. Kama kwenu lami inaishia kwa mjomba, jiulize gari litalala wapi.

Na ukiagiza Japani?

Kuna vijana wanatumia wakala kununua kwenye minada ya Japani yenyewe, kama ile ya USS iliyoko Noda, mkoa wa Chiba. Kule gari lina karatasi ya ukaguzi, na huo ni uungwana mkubwa. Mdai wakala akupe hiyo karatasi yenyewe, siyo picha za gari tu. Alama ya 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 lina makovu ya kawaida, 3 limechoka. Ukiona R au RA, limewahi kupata ajali likatengenezwa. Mchoro wa gari una herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Herufi ya pembeni, A mpaka D, mara nyingi ni hali ya ndani. Wakala akikwambia karatasi imepotea, kanuni yetu bado iko ukutani.

Halafu ushuru. Chukua gari la zaidi ya cc 2,000 ambalo TRA imelithamini shilingi milioni 10 likifika bandarini. Ushuru wa forodha asilimia 25 ni milioni 2.5. Ushuru wa bidhaa asilimia 10, unaopigwa juu ya milioni 12.5, ni milioni 1.25. VAT asilimia 18, juu ya milioni 13.75, ni milioni 2.475. Jumla ni milioni 6.225, na bado tozo nyingine ndogondogo, na bado ushuru wa ziada kama gari limepita miaka 8. TRA wanatumia thamani yao, hawatumii risiti yako ya kujikuna. Viwango huguswa kila bajeti, basi angalia kikokotoo chao kwenye simu kabla hujatuma hata senti.

Haya, nifupishe kwa wale wanaosoma mwisho kwanza. Karatasi kabla ya chuma. Nenda siku ya kukagua, nenda na fundi ambaye hamjuani na dalali. Kila usichokiona kihesabu kibovu, andika bei yako ya mwisho kwenye karatasi ukiwa nyumbani umeshiba, na mnadani usiiongeze hata shilingi, hata kama kuna mrembo anakutazama. Hasa kama kuna mrembo anakutazama. Na kama hela si zako peke yako, kama kuna mpunga wa mama au bati za baba humo ndani, mpeleke mwenye hela akaone gari kwa macho yake kabla hujanyoosha mkono.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza habari ya suti za kuazima kwenye send-off. Kaeni vizuri.